Besiboli Sebuleni Tudor: Uzoefu Wangu na MLB The Show 23

Diski ya MLB The Show 23 niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa shilingi 2,000, katika duka moja dogo la michezo ya video hapa Mombasa, na muuzaji aliniuliza mara mbili kama ninajua ninachokinunua. Hakukosea kuuliza. Mjini kwetu mtu mwenye PlayStation hudhaniwa kuwa nayo kwa ajili ya kandanda, na vijana wa mtaani wanaobisha hodi jioni hawaulizi nina mchezo gani, huuliza tu kama padi ya pili ina chaji. Mimi nilikuwa nimechoshwa na kandanda ya kwenye skrini. Kuhusu besiboli, akiba yangu yote ilikuwa raunda ya shule ya msingi, ambayo wasichana walitushinda kila muhula, pamoja na kriketi niliyokuwa nikiichungulia katika uwanja wa Mombasa Sports Club. Nimeucheza mchezo huu kwa miezi saba kwenye PlayStation 4, nyumbani Tudor, na ninamwandikia mtu aliye kama mimi: asiyekulia katika besiboli na asiye na jirani wa kumuuliza.

Mchezo huu ulitoka Machi 2023 na unaiga MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani yenye timu 30, moja kati ya hizo ikiwa ya Toronto, Kanada. Kijana aliye kwenye jalada ni Jazz Chisholm Jr., mzaliwa wa Bahamas, na nakiri kwamba ni zile nywele zake za rangi zilizonifanya niichukue diski rafuni. Lakini utamu wote wa mchezo umo katika jambo moja, nalo ni ule mpambano baina ya anayerusha mpira na anayeupiga.

Wawili hao wametenganishwa na mita 18.44. Mpira unaokwenda kwa kilomita 150 kwa saa humaliza masafa hayo kabla ya nusu sekunde kutimia, na katika muda huo mpigaji aamue kama mpira ni wa kupigwa au wa kuachwa, aupeleke mkono mahali panapostahili, kisha abonyeze. Kwa kijiti cha kushoto cha padi unasogeza alama ndogo ndani ya eneo la straiki, yaani lile dirisha la kufikirika mbele ya mpigaji ambamo mpira huhesabika kuwa halali. Kitufe cha X hupiga pigo la kawaida, cha duara hupiga pigo la tahadhari, na cha mraba hupiga kwa nguvu zote. Kwa maelezo ni rahisi. Wiki ya kwanza sikuupata mpira hata mmoja kwa uzuri, na nilikuwa nikibonyeza kama mtu anayejaribu kuua mbu gizani. Kilichonisaidia ni kwamba baada ya kila pigo mchezo unakuonyesha kama uliwahi au ulichelewa, na alama yako ilikuwa umbali gani kutoka mahali mpira ulipopitia. Kumbe nilikuwa nikiwahi karibu kila mara. Nilipojifunza kungoja, mpira wa kwanza niliougonga barabara ulitoa mlio mkavu na padi ikatetemeka mkononi, nami nilijua umeshavuka ukuta kabla kamera haijaanza kuufuata. Mpaka leo sijachoka na mlio ule.

Upande wa kurusha una utamu wa aina nyingine. Zipo njia kadhaa za kurusha, na ile inayoitwa Pinpoint inakutaka uchore umbo fulani kwa kijiti cha kulia, umbo ambalo hubadilika kulingana na aina ya mpira, na ukimaliza kwa haraka au kwa kusuasua mpira hauendi ulikokusudia. Humu ndimo nilimokumbuka mtu wa kwetu. Aasif Karim, aliyezaliwa hapahapa Mombasa, aliwarushia Australia katika Kombe la Dunia la kriketi la mwaka 2003 kule Durban, akaangusha wapigaji watatu kwa kutoa mikimbio (yaani alama) saba tu, na hakuwa mrushaji wa kasi hata kidogo. Aliwanyima mwendo, wakapiga hewa. Besiboli ya skrini inaruhusu werevu uleule. Ukimrushia mpigaji mipira miwili ya kasi karibu na kifua, kisha wa tatu ukauachilia polepole na chini, utamwona anazungusha gongo mpira ukiwa bado njiani. Mashine yenyewe hudanganyika, ila ukikariri hila hiyohiyo inningi nzima (awamu ambamo kila timu hupata zamu moja ya kupiga) itakuzoea, na ukipandisha ugumu kufika daraja la Legend itakuadhibu.

Sasa nije kwenye lililonikera, na si dogo. Mchezo unakufundisha vidole vizuri, lakini sheria unakuchukulia kwamba umezijua tangu utotoni. Siku moja mpwa wangu mwenye miaka kumi na miwili alikuwa akipiga. Akakosa mpira mara ya tatu, yaani straiki ya tatu inayomtoa mpigaji, mpira ukamponyoka mdakaji ukabingirika nyuma yake, na yule mpigaji aliyepaswa kurudi benchi akatimua mbio hadi kituo cha kwanza akasimama pale, salama salimini. Mpwa wangu alinigeukia akauliza, "Mjomba, mbona huyu hatoki? Si ameshakosa mara tatu?" Nilimjibu kwamba diski imekwaruzika. Baadaye niligundua kwamba ni sheria halali: mdakaji asipoidaka straiki ya tatu, na kituo cha kwanza kikawa wazi, au timu inayopiga ikiwa imeshapoteza watu wawili, mpigaji anaruhusiwa kukimbia. Skrini haikutuambia neno lolote siku ile. Watangazaji, Jon Sciambi na Chris Singleton, waliendelea na mazungumzo yao ya Kiingereza cha haraka, kilichojaa misemo ambayo hata mtu aliyesoma Kiingereza hadi chuo kikuu, kama mimi, hubaki akikisia. Kiswahili hakimo, na sikukitarajia. Nilichokitarajia ni maandishi mafupi, mstari mmoja tu, kila jambo geni linapotokea. Mara ngapi nimemwona refa akiinua mkono, wachezaji wakatembea kutoka uwanjani, nami sijui nimefanya nini?

Vivyo hivyo na saa ya kurushia. Mwaka 2023 ligi yenyewe ilianza kumpa mrushaji sekunde 15 za kuurusha mpira kama vituo ni vitupu, na sekunde 20 kama kuna mtu kituoni, na mchezo ukaileta saa hiyo pamoja na sheria nyingine mpya za msimu ule. Ni jambo la busara, maana linazuia mchezo kukokota. Lakini mara ya kwanza nilipoadhibiwa kwa kuchelewa nilikuwa nimekwenda kufungua dirisha kwa sababu ya joto la kaskazi, nikarudi nikakuta mpigaji amepewa mpira wa bure. Nilidhani ni mpwa wangu aliyegusa padi, na maskini nilimkaripia bure.

Jambo la pili ni muda. Mchezo kamili wa inningi tisa hunichukua karibu saa nzima, na msimu halisi wa timu moja una michezo 162. Mtu anayefanya kazi na kuvuka feri ya Likoni kila siku hawezi kuumaliza kwa njia hiyo. Waliotengeneza mchezo walilifikiria hili, wakaweka sehemu ya March to October, ambayo inakuingiza katika nyakati muhimu tu za msimu, kwa mfano timu yako inaongozwa kwa mkimbio mmoja katika inningi ya nane, kisha inakuruka hadi mchezo mwingine. Nimeipenda sana sehemu hii, tena haihitaji intaneti. Tahadhari yangu ni moja: hifadhi kila unapopata nafasi. Umeme ulikatika kwetu usiku mmoja nikiwa nimebakiza mtu mmoja kumaliza mchezo ambao sikuwa nimeruhusu hata pigo moja, na uliporudi, ushahidi wote ulikuwa umeondoka nao.

Ninachokithamini kuliko vyote ni Storylines, sehemu iliyoingizwa mwaka huo kuhusu zile ligi za Marekani walizochezea wachezaji Weusi walipokuwa wamefungiwa mlango wa ligi kuu. Msimulizi ni Bob Kendrick, rais wa jumba la makumbusho la ligi hizo lililoko Kansas City, mji uleule ambamo Rube Foster alianzisha Negro National League mwaka 1920. Kendrick anasimulia kwa sauti ya mtu aliyekaa barazani baada ya magharibi, picha za kale na michoro zikipita, kisha anakukabidhi padi ucheze tukio fupi la maisha ya mchezaji aliyekuwa akimzungumzia. Wamo wanane, miongoni mwao Jackie Robinson, aliyeichezea Kansas City Monarchs ya ligi hizo mwaka 1945 na kuingia uwanjani na Brooklyn Dodgers ya ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947. Martín Dihigo wa Kuba, aliyeweza kurusha, kupiga na kudaka. Na Satchel Paige, aliyefunguliwa mlango wa ligi kuu mwaka 1948 akiwa na miaka 42, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wameshatundika glavu zao.

Baba yangu hajawahi kuketi kutazama michezo ya video. Huviita vitu vya kupoteza stima. Usiku mmoja nikicheza Storylines alikuwa akipita kwenda kuchukua maji ya kunywa, akamsikia Kendrick akieleza jinsi wachezaji hao walivyosafiri mji hadi mji wakinyimwa hoteli na migahawa, akasimama na gilasi mkononi. Yeye alikulia zama ambazo klabu za michezo hapa nchini zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Aliniambia, "Rudisha nyuma, nimsikie tena." Tulizipitia hadithi tatu usiku ule, na zile sehemu za kucheza alizivumilia tu ili simulizi liendelee. Kasoro ya Storylines ni ufupi wake: matukio mengine huisha ndani ya dakika mbili, mara unaambiwa upige mpira mmoja tu, na unapoanza kumzoea mchezaji, ameshaondoka.

Sehemu ya mtandaoni, Diamond Dynasty, ambako ulikusanya kadi za wachezaji na kuunda timu yako, sina mengi ya kuisemea. Haikuchezeka bila intaneti, na sarafu zake uliweza kuzipata kwa kucheza au kwa kulipa fedha halisi. Mimi niliijaribu wiki mbili kwa bando la simu. Ukikumbuka ile nusu sekunde niliyoitaja juu, utaelewa mtandao ukisita kidogo kinakupata nini. Mwenye waya wa intaneti nyumbani na kadi ya benki isiyolalamika huenda aliifurahia. Ujue vilevile kwamba sehemu ya kujijengea uwanja wako mwenyewe haimo katika toleo la PlayStation 4. Imewekwa kwa mashine za kizazi kipya pekee, na jambo hilo nililijua nikiwa nimeshalipa.

Kwa watu wawili kwenye sofa moja, mchezo ni raha isiyo na kifani, na inningi mnaweza kuzipunguza ziwe tatu ili kila mtu apate zamu. Tatizo letu lilikuwa geni. Kila aina ya mpira ina kitufe chake, na mpwa wangu aliacha kutazama runinga akawa anakitazama kidole gumba changu. Nikibonyeza X alijua mpira wa kasi unakuja, nikibonyeza duara anangoja. Alinipiga michezo minne mfululizo kabla sijamgundua. Siku hizi ninarusha mikono ikiwa chini ya leso ya mama, na yeye analalamika kwamba leso haimo katika sheria za besiboli, jambo ambalo kwa mara hii tu nina uhakika nalo kuliko yeye, kwani mchezo wenyewe haujawahi kutuambia.