Siku tatu Quanzhou: uzoefu wangu wa kuusoma mji wa Zaitun

Tathmini hii ni kwa wanaokwenda Guangzhou au Yiwu kwa biashara wakabakiwa na siku mbili tatu mkononi. Ni pia kwa yeyote wa pwani yetu aliyewahi kuokota kigae cha sini kwenye gofu la zamani akajiuliza kimetoka wapi. Kwa maoni yangu hakuna mji wa China unaomjibu mtu huyo vizuri kama Quanzhou.

Quanzhou, katika jimbo la Fujian, ndio Zaitun ya mabaharia wa Kiarabu na Kiajemi. Jina lilitokana na citong, mti wa maua mekundu uliopandwa kuuzunguka mji. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na miaka ipatayo 15 baadaye akashuka Zaitun na kukuta bandari iliyojaa merikebu kubwa. Mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza maeneo 22 ya mji na viunga vyake katika Urithi wa Dunia: msikiti, mahekalu, madaraja, tanuri za vyombo vya udongo, magofu ya ofisi ya forodha. Kwa siku tatu utayaona yaliyo muhimu bila kukimbia. Ukitaka yote 22 tenga wiki nzima, maana mengine yako mbali milimani.

Kosa la kwanza hutokea kabla hujafika, nalo ni la stesheni. Kuna 泉州 (Quanzhou), 泉州东 (Quanzhou ya mashariki), 泉州南 (ya kusini) na Jinjiang, na zote huonekana ukitafuta tiketi. Ile ya 泉州 tupu, isiyo na herufi ya tatu, ndiyo iliyo karibu zaidi na mji mkongwe. Ukishuka ile ya kusini utalipa teksi ndefu. Tiketi ya karatasi huhitaji, pasipoti yako ndiyo tiketi, kwa hiyo jina ulilonunulia lifanane nayo herufi kwa herufi. Milango ya mashine mara nyingi haisomi pasipoti za kigeni. Usipoteze dakika kumi ukiisugua, nenda moja kwa moja kwenye mlango wenye mhudumu.

Kabla ya kupanda ndege weka Alipay, programu ya malipo ya Kichina, kwenye simu, uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard na ukamilishe uthibitisho wa pasipoti ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ujumbe wa benki wenye namba ya siri huenda usikufikie ukiwa China. Ndani ya Alipay utapata teksi za Didi. Ramani za Google hazikusaidii kule, tumia Amap, programu ya ramani ya wenyewe. WhatsApp haifunguki kwenye intaneti ya hoteli, ila hufanya kazi ukiwa na laini ya kigeni yenye roaming. Noti kidogo za yuani ziwepo mfukoni kwa siku simu itakapozima.

Hoteli itafute karibu na Barabara ya Zhongshan au Mtaa wa Magharibi (西街). Nyumba ndogo za wageni ni nzuri na rahisi, lakini sheria inataka mgeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24, na baadhi ya wenyeji hawajui kusajili pasipoti. Nyumba moja ilipokea malipo kwanza, kisha ikasema haichukui wageni wa nje. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa, na jibu lihifadhi kwenye simu.

Sasa maeneo yenyewe. Ushauri wangu mkubwa ni wa mpangilio: anza na Makumbusho ya Historia ya Bahari, mtaa wa Donghu, kabla hujakanyaga msikitini wala hekaluni. Wageni wengi huiacha mwisho wakiwa wamechoka, na hapo huwa wameshapita mbele ya mawe mengi bila kujua walichokiona. Haina kiingilio, beba pasipoti, na Jumatatu hufungwa.

Ukumbi wa kukaa nao ni wa mawe ya dini. Humo mna mawe ya makaburi ya Waislamu yenye maandishi ya Kiarabu, malaika wenye mabawa wa Wakristo wa Mashariki wakiwa juu ya yungiyungi na msalaba, na vipande vya hekalu la Kihindu. Mengi yalikuwa yamezikwa ndani ya ukuta wa mji. Kati ya 1357 na 1366 kulizuka vita vya Ispah, uasi wa askari wa Kiajemi waliokuwa mjini, jamii za wageni zikauawa na kutawanyika, na mawe ya makaburi yao yakageuzwa vifaa vya ujenzi. Ukuta ulipobomolewa katika karne ya 20 yalianza kutoka, na mwalimu wa shule, Wu Wenliang, aliyakusanya kwa mkono wake mpaka yakawa msingi wa mkusanyiko huu. Kasoro ni moja na ni kubwa: vibao vya maelezo ni vifupi, na Kiarabu kwa sehemu kubwa hakikufasiriwa. Anayesoma Kiarabu, hata cha madrasa tu, ataokota zaidi ya anayetegemea vibao. Utaona nisba za miji ya Uajemi na Uarabuni mwishoni mwa majina, kama zile za makaburi ya kwetu. Saa mbili hazitoshi, panga tatu.

Kutoka hapo nenda Kaiyuan, hekalu la Kibuddha lililoanzishwa mwaka 686. Nalo halina kiingilio. Minara yake miwili ya mawe ya ghorofa tano ilikamilika katika karne ya 13: wa magharibi mwaka 1237, wa mashariki 1250, na huu wa mashariki una urefu wa zaidi ya mita 48. Watu hupiga picha minara kisha hutoka. Wewe zunguka nyuma ya ukumbi mkuu. Kuna nguzo mbili za jiwe la kijani-kijivu zenye nakshi za Vishnu, mungu wa Kihindu, zilizotolewa kwenye hekalu la Kihindu na kupachikwa hapa wakati wa ukarabati. Mbele ya jukwaa la ukumbi huohuo kuna safu ya simba wenye nyuso za watu, nao wametoka hukohuko. Mwongoza wageni mmoja aliwaambia watu kwamba ni nakshi za kawaida za Kichina. Msizipite kwa maneno hayo.

Ndani ya uwanja wa Kaiyuan kuna jengo dogo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote mjini: jahazi la Houzhu. Lilifukuliwa mwaka 1974 kwenye tope la ghuba ya Quanzhou. Mabaki yake ni mita 24.2 kwa mita 9.15, na tumbo limegawanywa vyumba 13. Panda ghorofani kwanza ulione lote kwa juu, ndipo mantiki ya vyumba ionekane: chumba kimoja kikitoboka maji hubaki humo, vingine huelea. Kisha shuka utazame ubavu. Mbao zimepangwa tabaka mbili chini na tatu ubavuni, zimepigiliwa misumari ya chuma, na nyufa zimezibwa kwa mchanganyiko wa nyuzi za katani, chokaa na mafuta ya mti wa tung. Aliyewahi kuona kalafati ikipigwa Lamu au Nungwi ataielewa kazi hiyo mara moja, na atakumbuka kwamba mtepe wetu ulishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Kwenye mkuku kuna vitundu vilivyotiwa sarafu na kioo cha shaba kwa ajili ya baraka.

Shehena yake imeandikwa kana kwamba ni orodha ya duka la kale la Mombasa: udi, sandali, pilipili manga, ubani, ambari, magamba ya kasa, kauri za baharini (simbi). Chombo kilikuwa kikirudi kutoka bahari za kusini mashariki mwa Asia mnamo miaka ya 1270, lakini watafiti huutaja ubani kuwa wa Uarabuni na ambari kuwa ya pwani ya Somalia. Bidhaa zilibadilishana mikono bandari kwa bandari. Kauri na ambari ziko kwenye makabati ya ukutani, si karibu na chombo, na ni rahisi kuzikosa.

Msikiti wa Qingjing (清净寺), wenyewe huuita Ashab, uko Barabara ya Tumen, kama nusu saa kwa miguu kutoka Kaiyuan. Kiingilio nilikikuta yuani 3. Maandishi ya Kiarabu kwenye ukuta wa lango yanasema ulijengwa mwaka 400 Hijria, yaani 1009, ukakarabatiwa mwaka 710 Hijria na Ahmad bin Muhammad, haji wa Shiraz. Mpwani akilisikia jina Shiraz mbele ya jiwe la China husimama kidogo. Linganisha na kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, chenye mwaka 500 Hijria: kule matumbawe, huku itale na jiwe jeusi-kijani lililosuguliwa. Ukumbi wa zamani wa sala hauna paa, lilianguka kwa tetemeko la mwaka 1607, na kilichobaki ni kuta, madirisha yanayotazama barabara, vitako vya nguzo na nyasi. Ndani ya uwanja tafuta pia jiwe la amri ya mfalme Yongle ya mwaka 1407 inayokataza watu kuwasumbua Waislamu. Ukitaka kuswali usiingie gofuni, uliza ukumbi unaotumika sasa. Ijumaa nenda mapema. Asubuhi kabla ya saa tatu lango halina watu na mwanga wa pembeni huufanya mchongo usomeke. Adhuhuri maandishi hupotea.

Siku ya pili iwe ya Lingshan na Daraja la Luoyang. Lingshan ni makaburi ya Waislamu mashariki ya mji, penye makaburi mawili ambayo mapokeo yanasema ni ya masahaba wawili wa Mtume. Kuna jiwe la Kiarabu la mwaka 1322, na karibu nalo lile ambalo peke yake lingetosha kunileta: linaeleza kwamba mwaka 1417 mjumbe wa mfalme, Zheng He, akielekea Hormuz na nchi nyingine, alifukiza ubani hapa kuomba ulinzi. Safari hiyo, ya tano, ndiyo iliyotumwa mpaka Mogadishu, Barawa na Malindi. Jiwe ni dogo na maandishi ni ya Kichina tupu, kwa hiyo wengi hulipita. Mwonyeshe mlinzi herufi 郑和 kwenye simu, atakupeleka.

Daraja la Luoyang lilijengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya gavana Cai Xiang, mahali mto unapokutana na bahari. Angalia majira ya maji kabla ya kwenda. Maji yakijaa utaona daraja refu la mawe na basi. Yakipwa, hasa siku za bamvua, utaona kilicholifanya lidumu. Kwanza walimwaga mawe kwa upana chini ya mto yakawa tuta moja refu, kisha wakapandisha nguzo zenye ncha kama omo ya chombo ili kupasua mkondo. Boriti nzito za mawe zilibebwa juu ya mashua wakati wa kujaa, zikateremka zenyewe mahali pake maji yalipopwa. Mwisho walifuga chaza kwenye mawe, na chaza hujigandisha kwa gundi yake ngumu hadi lundo likawa kitu kimoja. Kando kuna mikoko. Vaa viatu visivyoteleza, na usishuke topeni.

Siku ya tatu chagua kimoja. Ukipenda dini zilizopotea nenda Cao'an, Jinjiang, penye sanamu ya Mani, mwanzilishi wa dini ya kale ya Umani kutoka Uajemi, iliyochongwa mwaka 1339; gari hurudi tupu kutoka kule, basi patana na dereva akusubiri. Mimi ningekwenda Jiuri, kilima kilichoko magharibi, chenye maandishi kumi ya kuombea upepo ya kati ya 1174 na 1266. Maofisa walikuja hapo kuomba pepo njema kwa ajili ya merikebu, majira ya kiangazi na ya baridi. Hizo ni pepo za msimu, jamaa za kusi na kaskazi zetu. Kijiji cha Xunpu, chenye nyumba za maganda ya chaza na wanawake wanaopamba nywele kwa maua, ni kizuri, ila studio za picha zimekijaza. Kifikie kabla ya saa tatu asubuhi au kiache.

Chakula: kwa Mwislamu tafuta herufi 清真 (halali) mlangoni, na maduka mengi ya tambi za kuvutwa kwa mkono yanayo. Uji wa tambi wa asubuhi, fahari ya mji, mara nyingi hutiwa matumbo ya nguruwe, hata bakuli lisipoonyesha. Kwa asiye na mwiko, chaza za kukaanga na mayai hazina mfano.

Epuka wiki ya kwanza ya Oktoba na sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, hoteli hupanda na Mtaa wa Magharibi haupitiki. Julai hadi Septemba kuna vimbunga, na kikitangazwa maeneo ya wazi hufungwa siku hiyohiyo. Novemba hadi Machi ndio wakati mzuri, na koti jepesi linatosha.