PS2 orijino na emuleta kwenye laptop: mi nimebaki na zote mbili

Wadau, nina mwaka na kitu sasa natumia PS2 orijino na hapohapo nina PCSX2 kwenye laptop (emuleta, yaani programu inayoiga PS2 ili gemu zake zicheze kwenye kompyuta), na kila nikisema hivyo watu wananiuliza sa zote mbili za nini.

PS2 nilichukua mtumba, ile nene ya mwanzo, elfu 80 na pad mbili. Pale dukani jamaa akaweka DVD ya mpira ikasoma fasta, nikalipa. Nafika home naweka Tekken 3, ile ya PS1, inazunguka weee, ndani tak tak tak, haisomi. Fundi akaifungua akanionyesha kale kajicho kanakosoma diski, akasema humo kuna taa mbili, ya CD na ya DVD, moja inaweza kuchoka nyingine ikabaki nzima. Akapitisha pamba yenye spirit, akazungusha skrubu kidogo sana, ikarudi. Kwa hiyo ukinunua jaribu CD na DVD palepale, usije ukapigwa kama mimi.

TV ni chogo ya inchi 21. Nakaa Mabatini hapa Mwanza, juu kwenye mawe, kulipandisha lile dude ilibidi tuwe watu wawili na tulipumzika mara tatu, ila sijutii aisee. Kwenye TV ya flati nabonyeza pasi mchezaji anafikiria kwanza ndo anapiga, picha nayo imepauka. Kwenye chogo kidole na mpira vinaenda pamoja. Wakija washkaji jumamosi hakuna anayeulizia laptop.

Ila umeme sasa. Umeme ukikatika PS2 inakufa na mechi yako, laptop yangu ina chaji ya kama saa moja na nusu hivi, naseivu popote hata katikati ya pigano, nafunga naenda kula. Gemu ndefu za kucheza peke yangu zote nimehamishia huko. Laptop ni i5 ya kawaida haina kadi ya picha, nikiongeza ubora wa picha mara mbili inakubali, mara tatu inaanza kukwama na feni inalia kama mashine ya kusaga. BIOS, ile programu ya ndani ya PS2 ambayo emuleta inaihitaji ili iwake, ni ya PS2 yangu mwenyewe.

Kilichonifurahisha zaidi ni seivu za bro. Alienda Geita kikazi akaacha kadi ya memori ya MB 8 imejaa ligi zake za miaka. Nikatafuta kadi yenye FreeMcBoot (inaifanya PS2 ifungue programu za watu wengine), nikafungua uLaunchELF, programu ya kukopi mafaili, nikazikopi seivu kwenye flashi, nikaziingiza kwenye emuleta, zikafunguka na majina ya wachezaji aliyoyabadilisha mwenyewe, beki mmoja kampa jina langu na kamuweka benchi! Wikiendi akija (siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, hasubiri tena kivuko) anaendelea alipoishia.

Kinachoniudhi ni adapta ya kuchomeka pad ya PS2 kwenye USB. Inafanya kazi, lakini vitufe vya pad orijino vinajua umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, hii adapta ya bei chee haijui, gesi ya gari inakuwa imekanyagwa yote au haijakanyagwa kabisa. Gran Turismo 4 naipiga kwenye PS2 tu mpaka hilo jicho life.