Kolibri nyumbani: masomo ya kidijitali yasiyomaliza bando

Mzazi anayetaka mtoto ajisomee kwa simu au kompyuta hukwama mara mbili: bando linaisha, na hajui mtoto anafanya nini hasa akiwa ameinamia kioo. Kolibri inasaidia pande zote mbili kuliko programu nyingi za bure, mradi mzazi akubali kukaa kwenye kiti cha mwalimu.

Imetengenezwa na Learning Equality, shirika la Marekani lisilo la faida, na ilitoka mwaka 2017 kurithi programu yao ya awali, KA Lite. Unaiweka kwenye kompyuta ya Windows au simu ya Android, unapakua masomo mara moja, halafu mtoto anasoma bila intaneti. Masomo yamo ndani ya chaneli: video na mazoezi ya Khan Academy, majaribio ya sayansi ya PhET, hadithi za African Storybook, zikiwemo za Kiswahili. Menyu nazo zinapatikana kwa Kiswahili.

Kosa la kwanza la wengi ni kupakua chaneli nzima. Khan Academy ya Kiingereza peke yake ni makumi ya GB, na kompyuta ya nyumbani itajaa kabla mtoto hajajibu swali moja. Fungua kitabu cha kiada, tazama mada za wiki mbili zijazo, tuseme sehemu na desimali, kisha ingia kwenye chaneli uchague hizo tu. Programu inakuonyesha ukubwa kabla ya kupakua. Kama kuna jirani au shule iliyo nayo tayari, masomo yanahamishwa kwa flashi bila kugusa bando.

Kompyuta moja inatosha watoto kadhaa. Ikiwa imewashwa, simu yoyote iliyo kwenye Wi-Fi ileile inafungua kivinjari na kuandika anwani ya IP ya kompyuta (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) ikifuatwa na :8080, kwa mfano 192.168.43.20:8080. Pasipo na rauta, washa hotspoti ya simu, zima data, kisha unganisha vifaa vyote hapo. Ukurasa ukigoma kufunguka, kagua kwanza kama kompyuta imelala. Weka mipangilio isilale ikiwa kwenye umeme. Halafu angalia ulinzi wa Windows: mara ya kwanza huuliza kama Kolibri iruhusiwe kwenye mtandao, na aliyebonyeza kukataa amewafungia watoto nje. Jambo jingine ni anwani ya IP, ambayo inaweza kubadilika rauta inapozimwa na kuwashwa.

Sasa kiti cha mwalimu, ambacho ndicho thamani halisi ya programu hii. Wakati wa kuanzisha, chagua matumizi ya kikundi hata kama mtoto ni mmoja, ili akaunti yako na yake ziwe mbali. Unda darasa, mwandikishe mtoto, tengeneza somo lenye video moja fupi na zoezi moja. Hiyo yatosha kwa kikao cha nusu saa. Usisahau kuliweka somo lionekane kwa wanafunzi. Swichi hiyo ikibaki imezimwa, mtoto hakuti kitu. Kwa jaribio la maswali (quiz), ulianzishe wewe na ulifunge wewe, maana mtoto huona alama zake likishafungwa.

Akimaliza, usiishie kwenye asilimia. Fungua ripoti ya zoezi: kila jibu alilojaribu limehifadhiwa, pamoja na vidokezo alivyoomba. Aliyekosea mara tatu kwa namna ileile hajaelewa hatua fulani, na hapo mzazi anachukua daftari na kumwambia, “Nionyeshe ulivyofanya.” Anayebonyeza kidokezo baada ya kidokezo anatafuta jibu tu. Mwambie akokotoe kwenye karatasi kwanza.

Kuingia bila nenosiri ni rahisi kwa wadogo, lakini kaka akitumia akaunti ya dada, ripoti zote mbili zinaharibika. Kwa wanaojua kusoma, weka nenosiri.

Upungufu wake mkubwa ni mtaala. Maswali ya Khan Academy yamejaa dola, inchi na futi, na mpangilio wa mada haufuati vitabu vya Tanzania wala Kenya. Mtoto wa shule ya msingi anayefundishwa kwa Kiswahili ataelemewa na video za Kiingereza hata kama hesabu anaijua. Huyo mpe hadithi za Kiswahili, na majaribio ya PhET ambayo mengi yanaeleweka kwa kuburuta na kubofya, huku mzazi akieleza kando. Kwa sekondari, hisabati na fizikia zinafaa sana. Historia, uraia na fasihi visitegemewe hapa hata kidogo. Hayo yabaki kwenye kitabu cha kiada na kwa mwalimu wa darasa.