Mahali penye joto kali kuliko pote pakaachwa peupe: uzoefu wangu na programu ya kuchora kontua

Naandika hasira ikiwa bado mbichi, nivumilieni. Programu hii ya grafu nimeilipia leseni kwa zaidi ya miaka miwili sasa, na kwa grafu za mistari na za nguzo sina lawama hata moja. Jina siliweki hapa. Anayechora kontua za rangi, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye thamani sawa huku nafasi kati yake zikijazwa rangi, atajua nasema nini, maana tabia hii haiko kwenye programu moja tu.

Ilikuwa juzijuzi, kwenye kikao cha asubuhi. Kazi yenyewe ni ramani ya joto ya bamba la chuma: vihisijoto vimepangwa kwa safu, vipimo vinaingia kwenye gridi, halafu programu inajaza rangi kati ya kontua moja na nyingine. Viwango, yaani thamani ambapo kila kontua inapita, nilivipanga mwenyewe, kuanzia nyuzi 20 hadi 80, kila baada ya 10. Sikubahatisha. Majaribio yaliyotangulia hayakupita nyuzi 78, na anayetaka kulinganisha ramani mbili lazima viwango viwe vilevile kwenye zote, la sivyo rangi ya chungwa ya leo haina maana ileile ya jana.

Nikaonyesha picha. Kona ya juu kulia, karibu na mahali palipolehemiwa, palikuwa na doa jeupe; kwenye karatasi niliyoshika lilikuwa kama ukucha wa kidole gumba. Upande wa kushoto kulikuwa na jingine, jeupe vilevile. Mkuu wangu akalielekezea kalamu lile la kulia, akauliza, "Hapa kihisi kilikufa?" Nikajibu, "Ndiyo mzee." Cha kushoto kilikuwa kimekufa kweli, nilikuwa na habari zake, na madoa yenyewe yalifanana kama mapacha. Kikao kikaendelea.

Jioni nikafungua jedwali la vipimo. Kihisi cha kulia hakikufa hata dakika moja. Kilisoma 86.4.

Yaani pale penye joto kali kuliko pote kwenye bamba zima ndipo programu ilipoacha karatasi tupu. Kinachozidi kiwango cha juu kabisa hakipakwi rangi, na kilicho chini ya kiwango cha mwanzo hakipakwi pia. Vyote vinaachwa vyeupe, weupe uleule wa sehemu isiyo na data. Haikutoa onyo, wala mstari mmoja mwekundu chini ya dirisha wa kusema kuna thamani zimebaki nje. Watu wanaamini mistari hii tangu mwanaanga Mwingereza Edmond Halley alipotoa ramani yake ya Atlantiki mwaka 1701, ile ya kuunganisha sehemu ambazo dira inakengeuka kwa kiasi kimoja. Mtu akiona kontua haanzi kuuliza kama mchoraji ameficha kitu. Mimi sikuficha, nilifichiwa, na nikasimama mbele ya watu nikathibitisha uongo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nilieleza kwa adabu, nikaambatanisha picha na jedwali. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: "Ndugu mteja, programu inafanya kazi ipasavyo. Soma mwongozo." Basi. Hakutaja ni ukurasa gani wala neno gani nitafute. Mwongozo wenyewe una mamia ya kurasa. Hili limeniuma kuliko doa lenyewe, maana aliyejibu alijua tatizo ni nini. Asingejua asingekuwa na uhakika namna ile. Alikuwa na jibu la maneno matatu mkononi akaona tabu kuniandikia.

Kwa hiyo nikahangaika mwenyewe, usiku wa kwanza na wa pili.

Kwanza nilikimbilia pale panapowekwa thamani ya chini na ya juu ya rangi. Nikaandika 90 upande wa juu. Doa halikutoka! Rangi nyingine zote zikahama, nyekundu ikapoa ikawa chungwa, lakini weupe ukabaki palepale. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba haya ni mambo mawili tofauti. Namba zile zinavuta mpangilio wa rangi, hazigusi mipaka ya kontua. Mpaka wa mwisho ukiwa 80, hata uandike 1000 pale, juu ya 80 hapapakwi kitu.

Nikafuta viwango vyangu, nikaiachia programu, nikaomba vipande kumi. Ikanipa tisa. Inatafuta namba nyoofu zinazokaribia ulichoomba, ikaanzia 16 na kupanda kwa 8 hadi 88. Doa likajaa rangi, nikashukuru, halafu nikachora jaribio la zamani kwa njia hiyohiyo na mipaka ikaja mingine kabisa. Ramani mbili hazilinganishiki tena. Huo si msaada.

Dawa ilikuwa mpangilio mmoja wa kupanua ncha, uliofichwa ndani ya menyu ya tatu. Unachagua kupanua juu, chini, au pande zote mbili. Nikachagua zote mbili, nikarudisha viwango vyangu vya 20 hadi 80, nikabonyeza. Kona ya kulia ikajaa rangi nyekundu iliyoiva, na upau wa rangi, ule ufunguo wa pembeni unaoonyesha rangi ipi ni thamani ipi, ukaota pembe ndogo juu na chini, alama kwamba kuna thamani zinazopita hapo. Doa la kushoto, la kihisi kilichokufa kweli, likabaki jeupe. Hatimaye weupe ukawa na maana moja. Baadaye nikabadilisha rangi ya usuli ikawa kijivu, ili pasipo na data paonekane hivyo hata kwa mgeni.

Nikiri, pale nilifurahi sana. Ukishajua kitufe kilipo, programu inatii barabara. Ila anayeorodhesha rangi kwa mkono aangalie hesabu: mipaka saba ina nafasi sita, kwa hiyo rangi sita, ukipanua ncha zote mbili unahitaji nane.

Nilikuwa karibu kuipa nyota nne. Kisha nikaleta data ya kazi nyingine, ile ambayo thamani nyingi ni ndogo na chache ni kubwa mno, nikaweka mipaka isiyolingana: 0, 1, 2, 5, 10, 20, 50, 100. Ramani nzima ikawa bluu, na kidoa cha njano pembeni. Hasira zikarudi. Sababu ni kwamba kila kipande kinapewa rangi ya thamani yake ya katikati, kwenye kipimo kinachokwenda sawasawa kutoka 0 hadi 100. Vipande vinne vya mwanzo katikati yake ni 0.5, 1.5, 3.5 na 7.5. Vyote vinne vinaangukia chini ya sehemu moja ya kumi ya mpangilio wa rangi, na jicho haliwezi kuvitenganisha. Inabidi uiambie igawe rangi kwa kuhesabu vipande badala ya thamani. Inaweza, na inafanya vizuri sana. Lakini tena lazima uwe umeshajua.

Na mpaka leo inafunguka na rangi za upinde wa mvua! Matplotlib, maktaba ya kuchora grafu kwa Python, iliacha kuzitumia kama chaguo la kuanzia kwenye toleo la 2.0, mwaka 2017, ikahamia mpangilio wa rangi uitwao viridis. MATLAB, programu ya hesabu za kihandisi, ilihamia mpangilio wake uitwao parula mwaka 2014. Njano ya upinde wa mvua inang'aa katikati na kuchora ukingo ambao kwenye data haupo. Hili nililijua zamani na nililivumilia. Sasa sivumilii.

Nilirudi kwa mkuu wangu na ramani mpya, nikamwambia wazi kwamba jibu langu la kwanza halikuwa sahihi na pale pana nyuzi 86.4. Aliitazama kwa muda, akasema bora nimerudi, akaagiza sehemu ile iliyolehemiwa ikaguliwe upya. Alinielewa. Huduma kwa wateja niliwaandikia mara ya pili, nikawaomba jambo moja: thamani zikibaki nje ya viwango, programu iseme, hata kwa sentensi moja. Hawajajibu.

Mwanzoni nilitaka kuandika msiinunue. Siwezi, kwa sababu ramani ninazotoa nayo wiki hii ni safi kuliko zote nilizowahi kuchora. Naipa nyota tatu. Lakini nikikumbuka "ndugu mteja, soma mwongozo", ya tatu naiondoa. Leseni inaisha karibuni, na sijaamua kama nitaihuisha.