Mashine ya injekshen tani 120 kwa nailoni yenye faiba, uzoefu wangu

Mashine yenyewe siipondi. Ni ya kuyeyusha plastiki na kuisindilia ndani ya moldi, nguvu ya kubana tani 120, ya Mchina, ninayo mwaka na nusu hapa Vingunguti tunapiga impela za pampu za maji (zile feni za ndani zinazosukuma maji), inabana moldi vizuri, hita zote bado nzima. Kwa plastiki ya kawaida ya PP ningeipa kumi kwa kumi. Ila mimi niliinunua kwa ajili ya nailoni 6 yenye faiba ya kioo asilimia 30, na muuzaji nilimuuliza kabisa, akasema bosi hii inapiga kila kitu.

Inapiga kweli, ila bareli (silinda inayoyeyushia plastiki) na skrubu inayozunguka ndani yake zilikuja zile za chuma cha naitraidi tu, yaani kilichogumishwa juu juu, na faiba ya kioo ni msasa jamani. Baada ya miezi nane vipande vikaanza kutoka pungufu, unaongeza dozi ya plastiki, kesho pungufu tena, tukavuta skrubu nje: ringi ya mbele inayozuia plastiki kurudi nyuma imechimbika mifereji, ukipitisha ukucha unakwama, na kingo zake zimelika kama sabuni ya bafuni. Nikafunga bareli ya baimetali (ndani ina tabaka la chuma kigumu zaidi) na skrubu ngumu, hela iliniuma, ila mpaka leo dozi haijayumba.

Kingine, impela zilikuwa zinakatika shingoni. Nikachoma kipande kimoja juu ya jiko la mkaa (nje, moshi wake usiuvute) mpaka plastiki ikaisha, kilichobaki kama unga. Nikachoma punje ambazo hazijapita kwenye mashine, hizo zikaacha vinywele vya kuonekana kwa macho. Kumbe kijana wangu alikuwa anazungusha skrubu mbio na bakipresha (mgandamizo unaoizuia skrubu kurudi nyuma haraka) ameipandisha, faiba zinasagikia humo humo ndani! Tukashusha vyote viwili, geti la moldi (tundu plastiki inapoingilia) nalo tukalipanua maana lilikuwa tundu la sindano. Nikichoma sasa vinywele vipo.

Kupinda ndo bado napambana nako, faiba zinalala kufuata mkondo kwa hiyo kipande kinasinyaa kidogo upande mmoja na zaidi upande mwingine, impela ikizunguka inacheza. Geti lilipohamia katikati ikapungua sana.

Draya ya kukaushia punje kwenye hopa (pipa la juu la kumwagia punje) haikuja na mashine, nimenunua pembeni, nyuzi 80 masaa manne au zaidi, ukiruka tu na unyevu huu wa Dar vipande vinatoka na michirizi ya fedha. Kwa faiba naipa sita, na ukiagiza hakikisha bareli ya baimetali imeandikwa kwenye proforma (ankara ya awali).