Ruta ya 5G Mbeya: taa ya kijani, intaneti hakuna

Nianze na kinachoniudhi kuliko vyote. Ruta inawaka, taa ya mtandao ni ya kijani, simu inaonesha waifai imejaa, na hakuna ukurasa hata mmoja unaofunguka. Sisemi imekuwa nzito, nasema imekufa. Ukiichomoa kwenye umeme na kuirudisha, baada ya dakika mbili tatu kila kitu kinarudi, kisha saa kadhaa mbele inafanya yaleyale. Na kifurushi cha mwezi kinaendelea kuhesabu siku zake, intaneti iwepo isiwepo.

Jibu la kaunta, dukani Mwanjelwa: "Kaka, Mbeya ni milima, hiyo ni kawaida. Zima, washa." Ruta haikuchomekwa, haikufunguliwa, sikuulizwa hata ni taa gani inawaka. Duka linalouza kifaa cha bei ile na halina muda wa kukichomeka kwenye soketi linamdharau mteja, na hilo nalisema bila kupepesa macho.

Hoja ya milima tuimalize kwa namba. Andika kwenye kivinjari cha simu anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, ingia kwa neno la siri lililoandikwa hapohapo, tafuta sehemu ya taarifa za kifaa. Utaona RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia: kuanzia -80 kwenda juu (kuelekea sifuri) ni safi, -100 ni ya kuvumilia, -110 kushuka chini hapo kweli lalamikia mlima. SINR ni usafi wa mawimbi hayo ukilinganisha na kelele: zaidi ya 20 ni raha, kati ya 10 na 20 unafanya kazi zote, chini ya 5 utateseka. Yangu inasoma -86 na SINR 17 wakati huohuo intaneti imekufa. Mlima Loleza hapa mjini ungekuwa umekinga mawimbi, namba hizo zisingekuwepo. Na kuzima na kuwasha ruta kusingeuondoa mlima.

Mvua nayo isisingiziwe ovyo. Masafa ya 3.5 GHz yanayobeba 5G nyingi hayapungui kwa maana kwa sababu ya mvua katika umbali wa kilomita moja au mbili. Kinachoumia mvua ikipiga sana ni viungo vya maikrowevu kati ya mnara na mnara, ambavyo viko masafa ya juu zaidi, lakini hapo watu wote wa mnara huo wanakosa intaneti, pamoja na wenye simu. Kama simu ya jirani yenye laini ya kampuni hiyohiyo inafungua video bila shida na ruta yako imelala, tatizo liko kwenye ruta.

Hakikisha kabla ya kugombana na mtu. Kwenye kompyuta iliyoungwa na ruta, pingi anwani ya ruta yenyewe, yaani andika ping na anwani hiyo kwenye dirisha la amri. Ikijibu, waifai yako ni nzima. Kisha pingi 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ikijibu lakini kurasa hazifunguki, shida ni DNS tu, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba: weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio ya DNS, uendelee na kazi. Isipojibu kabisa huku taa ni ya kijani, umefika kwenye ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa unaeleweka. 5G iliyotangulia kwenye mitandao mingi duniani haijitegemei. Ruta inashika 4G kwanza kama nguzo, halafu inaongezewa 5G juu yake. Nguzo ikihama kwenda mnara mwingine au masafa mengine, 5G inaanguka na mawasiliano ya data yanapaswa kupangwa upya. Mji wetu ni wa mabonde na miinuko. Kuna nyumba za Uyole na Iyunga zinazoona minara miwili mitatu kwa nguvu zinazokaribiana, na ruta inahangaika kati yao mchana kutwa. Programu ya ndani ya ruta ikiwa nzuri, ikigundua data haipiti, inajiunga upya yenyewe ndani ya sekunde chache. Programu mbovu inaendelea kuamini kwamba imeunganishwa. Taa nayo inasoma tu kama ruta imeshika mnara, haisomi kama data inapita. Ndiyo maana taa ile ya kijani haina thamani.

Dawa ni moja na ni rahisi: ilazimishe ruta ikae 4G tu, au ishike masafa mamoja, mpaka programu itengenezwe. 4G tulivu ya Mbps 25 inashinda 5G ya Mbps 200 inayokufa kila baada ya muda. Ila ukifungua menyu, sehemu ya kuchagua aina ya mtandao haipo. Imeondolewa. Kampuni iliyouza ruta imeweka programu yake na kuficha mpangilio huo, na laini imefungwa humohumo, huwezi kuihamishia kwenye ruta nyingine. Umelipa pesa taslimu, risiti ina jina lako, na huruhusiwi kugusa mpangilio mmoja ambao ungekuokoa. Hapa ndipo hasira yangu yote ilipo. Kifaa kibovu kinarekebishika, lakini hiki umefungiwa usikirekebishe.

Umeme usafishe kabla ya yote, maana kuna wanaolaumu mtandao kumbe ni adapta. Nyingi ya ruta hizi zinataka volti 12 na ampea 2. Adapta ya king'amuzi ina kichwa kinachoingia vilevile, lakini nyingine ni ampea 1 tu. Ruta itawaka vizuri, halafu ikianza kufanya kazi nzito inajizima na kujiwasha. Dalili zake ni tofauti na ninazozilalamikia: hapa taa zote zinazimika na kuanza upya. Ukinunua UPS ndogo ya volti 12 kwa ajili ya kukatika kwa umeme, soma ampea za kutolea, zisiwe chini ya 2, na usidanganywe na 8,800 mAh iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Hizo huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani karibu wati-saa 32. Ruta inayokula wati 10 itakaa saa mbili na nusu hivi ukitoa upotevu.

Mahali pa kuiweka pia ni nusu ya vita. Wimbi la 3.5 GHz lina urefu wa sentimita 8 na ushee, hivyo kuisogeza ruta upana wa kiganja kunaweza kubadilisha SINR. Isogeze polepole dirishani ukiwa umefungua ukurasa wa namba, subiri nusu dakika kila unapoiweka, acha penye SINR kubwa hata kama RSRP imepungua kidogo. Vioo vya kuakisi, vile vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia ukiwa nje, vina utando wa metali na vinakula mawimbi, kwa hiyo jaribu dirisha la kioo cheupe. Darini chini ya bati usiipeleke: bati linakinga, na saa saba mchana joto la huko litaiua hata mwezi wa saba ambapo sisi wengine tumevaa makoti.

Kwa waliokwisha nunua, kiraka kilichonisaidia ni soketi ya taima. Iweke izime ruta saa 10 alfajiri na kuiwasha baada ya robo saa. Chukua ya kidijitali yenye betri ndani. Ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika, na kwa umeme wetu baada ya wiki chache itakuzimia ruta saa sita mchana ukiwa kwenye mkutano. Tenganisha pia majina ya waifai kwa masafa yake mawili, 2.4 GHz jina lake na 5 GHz jina lake. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11 na upana wa 20 MHz. Kwenye ulinzi wa waifai, simu za zamani ziwekee WPA2, nyingi hazijui WPA3 iliyo mpya zaidi.

Baada ya hayo yote lazima niseme haki: ikikaa sawa, ni nzuri. Asubuhi faili kubwa linashuka kabla chai haijapoa, watu watano wanatumia na hakuna anayelalamika. Mitaa ambayo faiba haijafika, kama una mnara unaouona kwa macho, nilikuwa tayari kuandika nunua.

Lakini siandiki hivyo. Majuzi usiku ilijisasisha yenyewe, bila kuuliza, na kulipokucha majina ya waifai yalikuwa yameunganishwa tena kuwa moja, DNS imerudi ya kiwandani, na ugonjwa uleule upo palepale. Wana uwezo wa kuingia kwenye ruta yangu usiku na kufuta mipangilio yangu, ila uwezo wa kurudisha menyu moja hawana. Nyota tatu nilizotaka kuipa ruta hii sasa ni moja.

Ukiwa bado unaitaka, usilipe kabla haijachomekwa palepale kaunta na ukurasa wake kufunguliwa. Tafuta sehemu ya kuchagua 4G pekee. Isipokuwepo, ondoka na pesa yako. Wa Tukuyu, Kiwira na mabonde ya Rungwe, migomba na miparachichi iliyolowa inakula 3.5 GHz kweli, kwa hiyo tafuteni ruta ya 4G isiyofungwa, yenye matundu mawili ya antena za nje. Antena ipande juu ya bati ikielekea mnara. Waya uwe mfupi kadiri inavyowezekana: mita 10 za waya mwembamba wa RG58 kwenye 1800 MHz hupoteza desibeli 8 hivi, yaani zaidi ya robo tatu ya nguvu uliyopandia paa kuitafuta.