Kinyago cha usiku wa Chai, nimekichukua Mikindani

Wale mnaoulizaga mkifika Mtwara mbebe nini zaidi ya korosho, mi nimechukua kinyago kwenye kibanda kimoja Mikindani, na sio wale twiga na simba wa kila siku. Hiki ni kipande cha mpingo kimechongwa kuonyesha usiku wa tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji wa FRELIMO wanavamia kituo cha utawala cha Wareno pale Chai, Cabo Delgado, ndo vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanzia.

Kazi ni moto bana. Si mnajua mpingo katikati ni mweusi ila karibu na gome kuna ule weupe, wachongaji wengi wanaukwangua wanatupa, sasa huyu fundi kauacha akachongea nyumba ya bwana mkubwa wa kituo na baraza lake, na mlinzi kasimama mbele kashika bunduki, af chini huku kwenye weusi ndo kawalaza wapiganaji kwenye majani, ukiangalia harakaharaka huwaoni, mpaka upitishe kidole ndo unakutana na bega, kisogo, mtutu. Hapo nkajua hiki siondoki bila.

Nyota moja naikata kwa stori za muuzaji. Mzee mchangamfu, mpwa wangu huku mpwa wangu kule, ila kaniambia shambulio aliongoza Samora na jamaa walitokea kambi ya Nachingwea. Sio kweli mjomba. Kikosi kiliongozwa na Alberto Chipande, Mmakonde wa upande wa Mueda, ndo anayetajwa kupiga risasi ya kwanza, na Nachingwea ilikuja baadaye, mwanzo vijana walikuwa Kongwa kule Dodoma. Nkamuuliza kwani Chipande humjui? Akacheka, eti namjua sana huyo ni wa kwetu, ila wateja wanamjua Samora. Yaani anajua kabisa!

Ila alipofika kwenye stori ya mauaji ya Mueda alisimulia vizuri na hakuongeza chumvi, Wareno walivyowamiminia risasi watu waliokusanyika tarehe 16 Juni 1960, miaka miwili baadaye FRELIMO ikaundwa Dar chini ya Mondlane. Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma so kwa wazee wa huku hiyo sio habari ya nchi ya watu.

Bei alianza na laki tatu tukamalizana laki na themanini, kwa mpingo halisi wenye kazi ile naona ni haki. Angalizo, rafu ya chini kuna vidogo vya bei chee vimepakwa kiwi, ni mti mwingine kabisa, njoo na kitambaa kibichi usugue, na mpingo mkavu ukiutia kwenye maji unazama sio unaelea.

Kufunga mzigo ndo hovyo kabisa, gazeti moja na kamba basi, nimefika Dar bunduki ya mlinzi imekatika. Nkawapigia, wakasema weka gundi. Fundi mwenyewe kaniambia nikipita nimletee atengeneze bure, sawa, ila Mtwara sio Kariakoo. Nendeni na boksi lenu na nguo kuukuu za kuzungushia. Malipo ya simu wanapokea, risiti hawana.